Mume wangu anataka kugura chama, na bado ameketi kitini

Maswali ya wasomaji kuhusu siasa za mashinani. Anayejibu ni mzee wa Nakuru aliyekuwa wakala wa kura na katibu wa tawi la chama tangu uchaguzi wa 1992.

SWALI

Shikamoo Mzee. Mume wangu ni mwakilishi wadi hapa Kaunti ya Nakuru. Wadi yenyewe siitaji, utanielewa. Alichaguliwa Agosti 2022 kwa tiketi ya chama chenye nguvu huku kwetu. Tangu apige kura kinyume na wenzake kuhusu bajeti ya ziada, wamemvua uenyekiti wa kamati, na barabara za wadi yetu zimesahaulika. Sasa anakutana usiku na watu wa chama kingine. Juzi kwenye matanga walimvisha kofia yao, picha zikasambaa, na Jumatatu akaletewa barua ya kumtaka ajieleze. Marafiki zake wanamwambia anyamaze, akae kitini hadi 2027. Tuna mkopo wa gari, na watoto wawili wako shule ya bweni. Je, anaweza kupoteza kiti kwa sababu ya kofia? Na mimi nimshauri nini?
*Mke wa mheshimiwa, Nakuru*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limerudi pale kwenye kofia. Basi nianzie hapo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 194, inasema kiti cha mwakilishi wadi huwa wazi iwapo aliyekikalia atajiuzulu kutoka chama kilichompa tiketi, au akihesabiwa kuwa amejiuzulu. Mwiba uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, kifungu cha 14, inayafafanua. Ukiwa bado mwanachama wa chama chako ukaunda kingine, ukajiunga na kingine, ukapigia debe hadharani kuundwa kwa kingine, au ukaeneza sera na maslahi ya kingine, unahesabiwa umehama hata kama hujaandika herufi moja. Kuna nafuu kwa vyama vilivyo ndani ya muungano uliosajiliwa, na kama hivyo vyama viwili vimo, wakili wenu alitaje hilo mapema.

Mtu kuvishwa kofia matangani, watu wakisukumana na kila mmoja akitaka picha, si lazima kufike huko. Ninachotaka kujua ni kilichofuata. Alipewa kipaza sauti? Alisema nini? Kama aliwaambia waombolezaji wakiunge mkono chama kile, na simu zilikuwa juu zinarekodi, hiyo video ndiyo itakayoletwa mezani. Muulize leo jioni mkiwa wawili, na akueleze yote.

Sasa kuhusu barua. Tafadhali msiitupe. Nimeona waheshimiwa wakiipokea barua ya namna hiyo kama tusi, wanaichana mbele ya wapambe wao, watu wanapiga makofi, na huko ndiko wanakopotelea. Chama hakiwezi kumvua mtu kiti kwa tangazo la jukwaani. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliongeza kifungu cha 14A, kinachotaka mwanachama apewe notisi na nafasi ya kujitetea kupitia utaratibu wa chama wa kutatua mizozo. Asiporidhika, kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, na baada ya hapo kuna Mahakama Kuu. Ulinzi wote huo unaanzia kwenye barua yake ya majibu. Aandike ndani ya siku alizopewa, apeleke mwenyewe afisini, agongewe muhuri kwenye nakala yake, na hiyo nakala uitunze wewe.

Habari ya uenyekiti wa kamati asahau. Chama kina uwezo mkubwa wa kuwapanga na kuwaondoa watu wake kwenye kamati za bunge la kaunti, na kulipa wakili kupigania kiti cha kamati ni kumwaga karo ya watoto.

Nije kwa hao marafiki. Wanachosema kina mashiko kisheria, siwezi kukuficha. Kesi kama hii huanzia chamani, ikaenda kwenye jopo, ikapanda mahakamani, na mwenye wakili mzuri anaweza kuisukuma polepole hadi Agosti 10, 2027 imkute bado ameketi. Wapo waliomaliza muhula hivyo. Lakini mimi siwezi kumshauri mtu hilo, na ili nikueleze kwa nini, itabidi nirudi nyuma kidogo.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Tulikaa nyumba za reli karibu na stesheni ya Nakuru. Mwaka 1963 alimpigia kura Achieng Oneko, mmoja wa wale sita wa Kapenguria waliofungwa na mkoloni pamoja na Kenyatta, mtu wa Uyoma kule Nyanza, akawa mbunge wa Nakuru Mjini na Waziri wa Habari. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na kutoka KANU, chama tawala, kuingia KPU, chama kipya cha upinzani, Oneko alikwenda naye. Serikali haikulala. Katiba ikabadilishwa haraka haraka: mbunge anayehama chama kilichomchagua arudishe kiti, apigiwe kura upya.

Na ukumbuke hili, maana vijana hawafundishwi. Novemba 1964 chama cha upinzani, KADU, kilikuwa kimejivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa arudi kwa wapigakura. Kuingia kwa jogoo, yaani KANU, kulikuwa bure. Kutoka ndiko kulikotozwa. Sheria ile ilitungwa kwa hasira, kwa ajili ya watu waliojulikana kwa majina, na baba yangu aliichukia hadi kufa kwake.

Juni 1966 viti 29 vikapigiwa kura kwa mkupuo mmoja. Jaramogi alirudi Bondo akashinda. Bildad Kaggia alishindwa kule Kandara. KPU ikaambulia viti tisa kwa jumla, ukihesabu na vya Seneti. Hapa Nakuru Oneko alishindwa. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alirudi jioni akaketi kwenye kigoda nje ya mlango, akavua viatu vya kazi, akawa anavigonga kimoja kwa kingine kutoa vumbi. Aliendelea kuvigonga hata baada ya vumbi kwisha. Mama alitoka jikoni akamuuliza kama ni kweli. Baba akasema, "Tumeshindwa. Lakini tumeulizwa."

Oneko alikuja kuwekwa kizuizini 1969, KPU ilipopigwa marufuku baada ya polisi kuufyatulia umati risasi kule Kisumu, akatoka 1975. Mwaka 1992 watu wa Rarieda wakamchagua kwa tiketi ya FORD-Kenya. Baba alikuwa amestaafu, na usiku ule hakuzima redio.

Tumeulizwa. Neno hilo ninalo mwaka wa sitini sasa. Sheria iliyotungwa kuwa mtego ndiyo iliyomfanya mfanyakazi wa reli aulizwe tena: huyu bado ni wako?

Nikupe mfano wa pili, wa karibu zaidi. Baada ya Jaramogi kufariki Januari 1994, Raila Odinga na Wamalwa Kijana walivutana ndani ya FORD-Kenya hadi Raila akatoka mwishoni mwa 1996. Kiti cha Lang'ata alikiachilia, akarudi kwa watu wale wale akiwa na tinga, nembo ya chama cha NDP, na Machi 1997 wakamrudisha bungeni. Sasa piga hesabu. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba 29 mwaka uo huo. Alikuwa na kama mwaka mmoja tu wa kuvuta kama marafiki wa mumeo wanavyomshauri avute. Utaniambia alikuwa na uhakika wa kushinda. Na awe nao. Watu wa Lang'ata waliulizwa.

Mumeo akinyamaza, nani atakuwa ameulizwa? Kile chama kingine kimeulizwa, tena usiku. Marafiki wameulizwa. Yule mama aliyeamka saa kumi alfajiri Agosti 9, 2022 akapanga foleni na baridi ya Nakuru, yeye ataiona kofia kwenye simu ya mjukuu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba, kwa jinsi unavyoieleza, mumeo ana jambo zuri la kuwaambia. Kama kura yake ya bajeti ilikuwa kwa ajili ya barabara zao, hiyo ni habari ya kusimama nayo barazani mchana kweupe. Akiendelea kuibeba kwenye vikao vya usiku, watu watadhani alinunuliwa, na hata akija kuieleza baadaye hawatamsikiliza.

Kwa hiyo ningefanya hivi ningekuwa yeye.

Kwanza ningekaa na wewe mezani na kalamu. Mkopo wa gari unakatwa kwenye mshahara. Kiti kikiwa wazi mshahara unasimama, makato yanasimama, na deni linabaki palepale. Mwandikie aliyewakopesha, uliza masharti ya mtu anayeacha kazi katikati ya muhula, na mjibiwe kwa maandishi. Hesabuni karo ya mihula mitatu. Hati ya shamba isitoke kabatini kwa ajili ya uchaguzi mdogo, hata aje nani na ahadi ya kuwasaidia. Chama kinachomtaka kweli kitagharamia kampeni yake. Kisichoweza kufanya hivyo kinamtaka kwa ajili ya picha tu.

Pili, ningewatafuta mawakala wangu wa 2022, kituo kwa kituo. Si mkutano wa hadhara wenye hema na kipaza sauti. Nyumba kwa nyumba, au pale chini ya mti penye kituo cha kura, watu kumi, kumi na watano. Ningewaeleza chama kilifanya nini, nami nilifanya nini. Asiwaombee chama kingine kura huko, maana ameshasikia sheria inasemaje. Awaeleze yaliyotokea na awasikilize. Wapo watakaomkaripia. Avumilie hadi wamalize.

Tatu, baada ya hayo yote, ndipo aamue. Akiamua kutoka, aandike barua kwa chama na kwa karani wa bunge la kaunti. Mjue kwamba kujiuzulu kunaanza kufanya kazi pale barua inapopokelewa. Hakuna kuirudia kesho yake kwa sababu mtu kapiga simu kutoka Nairobi. Spika ana siku 21 za kuiarifu Tume ya Uchaguzi, IEBC, na uchaguzi mdogo unatakiwa ndani ya siku 60 tangu kiti kiwe wazi.

Hapa nina wasiwasi mmoja, na nautoa wazi. Kiti kikiachwa, watu hukaa bila mtu. Kule Ugunja, kaunti ya Siaya, mbunge wao aliingia baraza la mawaziri Agosti 2024, na kwa kuwa IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023, walisubiri hadi Novemba 27, 2025 ndipo wakapiga kura. Zaidi ya mwaka bila mtu wa kuwasemea. Sasa makamishna wapo, tangu Julai 2025, lakini kadiri Agosti 2027 inavyokaribia ndivyo kurudisha kiti kunavyopungua faida kwa mwananchi. Mumeo akitaka kufanya hili alifanye mapema au asilifanye kabisa.

Na akiamua kubaki? Abaki kweli. Kupinga viongozi wa chama chako ukiwa ndani si kosa la kisheria. Aijibu ile barua, avunje vikao vya usiku, kofia airudishe kwa wenyewe, na aendelee kupiga kura yake bungeni kwa ajili ya wadi. Nitamheshimu sawasawa na yule aliyetoka.

Umeniuliza umshauri nini. Mimi nisingemshauri. Ningemuuliza swali moja, akiwa amekula na ametulia: "Ukienda, mtu wa kwanza utakayemwambia ni nani?" Akitaja mkubwa fulani, mwanangu, anza kuweka akiba. Akimtaja wakala wake wa shule ya msingi fulani, yule aliyelala juu ya dawati akilinda masanduku, basi nenda naye. Na uniandikie tena.

SWALI

Mzee, mimi ni kijana wa Manyatta, Kisumu. Nataka kuwania wadi 2027 kama mgombea huru kwa sababu kura za mchujo za chama kikubwa huku kwetu sina imani nazo. Nimetazama mtandaoni nikakuta nimesajiliwa mwanachama wa chama ambacho sijawahi hata kuingia afisi yake. Nifanyeje?
*Kijana wa Manyatta*

JIBU

Kijana wangu, umefanya vyema kutazama mapema. Wengi huja kugundua siku ya kupeleka karatasi. Chapisha ukurasa huo wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaoonyesha jina lako, uandike kwa Msajili wa Vyama vya Siasa ukilalamika kwamba hukujiunga, na hapo hapo uandike barua ya kujiuzulu kwa chama chenyewe. Fanya yote mawili. Lalamiko linaweza kuchukua muda, barua ya kujiuzulu inakuweka salama.

Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Ukihesabu kutoka Agosti 10, 2027 unarudi hadi Mei. Usiifikishe Mei. Fanya mwezi huu. Kisha unahitaji kuungwa mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo, na hapo ndipo vijana huanguka: wanakusanya sahihi stendi ya mabasi, kumbe nusu ya watu wanapiga kura Seme na Nyakach. Kusanya mlangoni kwa mtu, akiwa na kitambulisho chake mkononi.

Atakayekuambia haiwezekani Kisumu, mwambie Shakeel Shabbir aliingia bungeni kutoka Kisumu Mashariki kama mgombea huru 2017, akarudi vilevile 2022, machungwa ya ODM yakiwa yamejaa kila upande.

Ukishinda, ukumbuke kwamba wewe nawe umefungwa na kifungu kile kile cha 194. Mwakilishi aliyechaguliwa akiwa huru akijiunga na chama, kiti kinakuwa wazi. Watakuja kukutongoza wiki ya kwanza.

SWALI

Mulembe Mzee. Nilikuwa mwenyekiti wa kampeni ya mwakilishi wadi wetu hapa Kaunti ya Kakamega, 2022. Mimi ndiye niliyezunguka na daftari nikichangisha, watu wakatoa kuku, mahindi, hata shilingi ishirini ishirini. Mwezi uliopita amehamia upande mwingine. Hakuniambia. Niliona kwenye WhatsApp, watu wakiniuliza mimi kama ni kweli. Siku hizi sipiti sokoni, napita njia ya mtoni. Mke wangu anasema nimpuuze, si mimi niliyehama. Lakini najisikia kama mwizi.
*Mwenyekiti wa zamani, Kakamega*

JIBU

Mulembe, ndugu yangu. Wewe si mwizi. Lakini mke wako akisema umpuuze anasema kwa kukupenda, na mimi nitakuambia tofauti kwa sababu nimekaa pale ulipokaa.

Mwaka 1997 nilikuwa wakala mkuu wa mtu aliyewania udiwani hapa mjini. Pesa hatukuwa nazo. Nilinunua daftari la kurasa 96, jalada la buluu, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa, jina upande huu, alichotoa upande ule. Bondeni, Kivumbini, Flamingo, Shauri Yako. Kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga mandazi karibu na soko la Wakulima. Alitoa hamsini, akaitoa kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, zikiwa sarafu, akazihesabu mara mbili mbele yangu na kuniangalia nikiandika. Usiku wa kuhesabu kura nilikaa ukumbini hadi asubuhi bila kutoka hata kwenda haja, kwa kuogopa sanduku lingepata miguu. Tukashinda.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa nimeketi kwa kinyozi Bondeni, nusu ya kichwa imenyolewa, taarifa ya saa saba ikisomwa redioni. Nikasikia jina lake katika orodha ya waliotangaza kushirikiana na upande ule tuliopambana nao. Hakuandika barua yoyote. Alianza tu kuketi na kula nao. Kinyozi alisimamisha mashine. Sikuwa na la kusema, nikamwambia amalizie.

Mimi pia nilibadili njia, ndugu yangu. Wiki tatu sikupita Wakulima. Kisha siku moja yule mama wa mandazi akanifuata nyumbani. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza nauli: "Ile hamsini yangu sasa iko chama gani?"

Sikuweza kumjibu. Alipoondoka nilitoa lile daftari chini ya kitanda.

Nilianza Jumamosi iliyofuata. Majina yalikuwa mia moja na arobaini na kitu, yakanichukua Jumamosi saba. Nilibisha kila mlango, nikafungua ukurasa wa mwenye nyumba, nikamwonyesha jina lake, nikamwambia: amehama, hakuniambia, mimi niko hapa. Basi. Sikumtukana diwani. Ukianza kumtukana, watu wanadhani mligombania pesa. Wawili walinifukuza, mmoja akiwa na panga. Wengine walikuwa wamesahau kama waliwahi kutoa. Wengi walinipa kiti, wakanielezea yao: mfereji uliozibwa, mtoto aliyekosa basari. Nikawa naandika hayo nyuma ya daftari, na sikujua nayaandika ya nini.

Nenda hivyo hivyo, ndugu yangu. Daftari lako unalo, nina hakika, watu kama sisi hatuchomi madaftari. Usiende na kundi, usipige picha, wala usitangaze kwenye WhatsApp kwamba unakwenda. Anza na aliyetoa ishirini. Wa kuku na magunia waje baadaye, wao wana njia nyingi za kumfikia mheshimiwa. Akitaka kurudishiwa na unayo, mrudishie. Huna, mwambie huna. Na kama mwakilishi wenu mwenyewe atasikia unazunguka na akakuita, nenda pia kwake na hilo daftari, ulifungue mezani mbele yake, umsomee majina. Usiongeze neno.

Yule mama wa mandazi nilimwacha wa mwisho kwa sababu ya aibu. Nilimfungulia ukurasa wake, akaweka kidole juu ya ile hamsini. Nikamwambia nimeileta, ninayo mfukoni. Akakataa kuipokea. Akasema iache hapo hapo kwenye daftari, na siku nitakapomletea mtu mwingine nimlete kwa miguu yake.

Mwaka 2002 nikamletea. Mgombea alikuwa na haraka, alikuwa na mkutano uwanja wa Afraha saa nane. Mama akamsimamisha upande wa pili wa karai, mafuta yakichemka kati yao, akamuuliza: "Ukihama, utapita hapa kuniambia?" Mgombea akasema atapita. Mama akaniambia mimi niandike hilo kwenye daftari, na tarehe.